Vipimo vya Jumba la Maonyesho

Nilipewa siku tano za kulipima jumba lile. Jina langu ni Sikudhani, mpima majengo wa Halmashauri ya Jiji, na kazi yangu haina fumbo: naenda palipo na ukuta, naunyooshea futikamba, naandika namba, narudi ofisini. Asubuhi ya Jumatatu Mkurugenzi wetu, Bwana Lutego, aliniita akaniambia kwamba jiji linataka kulifungua upya Jumba la Maonyesho liwe fahari yetu. Alitaka mambo mawili katika taarifa yangu: kama jumba bado limesimama sawasawa, na nusu ukurasa wa historia.

"Nusu ukurasa," alirudia. "Watu hawasomi siku hizi, Sikudhani. Waambie lilijengwa lini, na nani, kwa ajili ya nini. Basi."

Niliyaandika maswali yale matatu kwenye daftari, moja chini ya jingine. Nilipoyatazama nikaona kwamba hata mimi mwenyewe nikiulizwa hivyo, nililetwa duniani lini, na nani, kwa ajili ya nini, ningelijibu la kwanza bila shida, la pili kwa kubahatisha, na la tatu ningeomba muda.

Kila mkazi wa jiji letu analijua jumba hilo kwa nje. Liko mwisho wa barabara ya stesheni, kuta zake za matofali mekundu ya kuchoma, paa lake limechongoka kupita jengo lolote la jirani. Wachache wanajua kwamba lilikuja likiwa limekunjwa. Mchoraji wake aliishi katika mji wa baridi huko ng'ambo na hakuwahi kukanyaga kwetu. Alichora kwa mazoea ya kwao. Nguzo za chuma zikayeyushwa na kusubiwa kwao, kenchi za chuma za kubebea paa zikakatwa kwao, kila kipande kikapigwa namba, vikafungwa kwenye makasha mia nne na kuletwa kwa reli. Wajenzi wetu waliunganisha namba na namba. Hawakuelezwa wanajenga nini. Walipouliza kwa nini paa limesimama namna ile, msimamizi aliwajibu kwamba ni ili theluji isilale juu yake. Wakaamini kwamba Theluji ni mtu, labda mzururaji fulani anayependa kulala juu ya mapaa ya watu, na kwa miezi mingi waliokuwa juu ya kenchi waliangalia nyuma yao kila walipopiga nati. Theluji hakuja. Ilikuja mvua yetu, ambayo mchoraji hakuifikiria, ikakuta gata za paa nyembamba, ikafurika na kuingia ndani. Inaingia mpaka leo. Jumba letu limejikinga vizuri na jambo lisilotokea, na limeachwa wazi kwa lile linalotokea kila mwaka.

Nilimkuta mlinzi wa jumba kwenye ngazi za kusini, anafagia. Alikuwa mama wa miaka kama hamsini na nane hivi, kanga kiunoni, fungu la funguo shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mpima?"

"Ndiye mimi. Sikudhani."

"Mimi Nyamizi. Nafagia hapa mwaka wa thelathini sasa." Alitazama viatu vyangu. "Vizuri, havitelezi. Sikiliza basi. Milango iko minne. Huu wa kusini ni wa leo, uutumie upendavyo. Wa mashariki ni mwaka wa njaa. Ukiuingia utakuta magunia na watu wamelala chini, pita pembeni usiwakanyage. Wa magharibi ni mwaka wa bendera, kelele nyingi, utapata kichwa kuuma. Wa kaskazini uache."

"Kaskazini kuna nini?"

"Kuna maonyesho."

Alisema hivyo kama mtu anavyomwonya mgeni kwamba bomba la uani limeharibika, kisha akaendelea kufagia. Sikucheka. Katika kazi hii nimejifunza kwamba anayefagia jengo analijua kuliko anayelimiliki.

Siku ya kwanza nilipima ndani ya leo. Ukumbi mkuu una urefu wa mita thelathini na nane na sentimita kumi. Nguzo ni ishirini na nne, za chuma cha kusubu, nyembamba katikati na zilizopanuka kichwani mithili ya ua la mgomba. Roshani ya mbao za mninga inazunguka pande tatu, ili walio juu waone walio chini. Nilipanda nikasimama huko. Mtu yeyote aliyesimama chini, hata awe nani, anaonekana utosi na mabega tu. Niliandika: *roshani imara, mbao mbili zibadilishwe.* Sikujua nitaandika wapi habari ya utosi na mabega.

Siku ya pili niliingia kwa mlango wa mashariki na mambo yakawa kama Mama Nyamizi alivyosema. Magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa mpaka usawa wa madirisha, na mbele yake askari wawili, na mbele ya askari watu, wengi, wamelala juu ya sakafu ya terazo wakisubiri amri ya kuyafungua magunia, nayo ilitakiwa kutoka kwingine. Nilipita pembeni. Bibi mmoja aliniita mwanawe, akanishika pindo la sketi, akaniuliza kama barua imefika. Nilimwambia sijui. Nilipima ukuta. Mchana nikaingia kwa mlango wa magharibi, nikakuta bendera mpya kila nguzo, bendi ya tarumbeta, na watu walewale au watoto wao wakicheza ngoma juu ya terazo ileile. Kijana mmoja mwenye shati jeupe alinikumbatia akaniita Ndugu Mwenyekiti na kunisukuma kuelekea jukwaani nikahutubie. Nilimwambia mimi ni mpima. "Leo wote ni wenyeviti!" alijibu, akaenda kumkumbatia mwingine. Nilipima ukuta. Ulikuwa mita thelathini na nane na sentimita kumi.

Jambo hilo lilinikera kuliko kelele. Nilitegemea, sijui kwa nini, kwamba ukuta ungekuwa umepungua kidogo katika njaa na kuongezeka kidogo katika bendera. Mtu hupungua. Mtu hunenepa kwa furaha. Nilikuwa nimesoma chuoni kwamba jengo hubeba historia, na nilikuwa nimeandika sentensi hiyo katika taarifa zisizopungua kumi. Lakini jengo halibebi kitu. Jengo ni nafasi iliyozungushiwa ukuta. Ukiweka mahindi linafunika mahindi, ukiweka wenye njaa linawafunika pia, na halioni tofauti. Wanaobeba ni wale wanaoingia na kutoka. Na anayeamua nani aingie, nani atoke, nani asimame juu kwenye roshani na nani asimame chini, hakuwahi kuwa ukuta. Basi kwa nini tunapotaka kujua yaliyopita tunakwenda kupima kuta?

Labda kwa sababu ukuta haujibu vibaya.

Siku ya tatu ilibaki kupima unene wa ukuta wa kaskazini, na unene haupimiki ila mlangoni. Nilimtafuta Mama Nyamizi nimwombe ruhusa. Alikuwa amekwenda sokoni. Funguo za akiba zilikuwa zimetundikwa msumarini. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, hali ya kawaida kabisa. Nilifungua.

Karani mwenye tarbushi nyekundu alisimama mlangoni na orodha. Aliitazama futikamba yangu, akaitazama penseli yangu.

"Wewe ndiye mpima?"

"Ndiyo," nilisema, kwa sababu ndivyo nilivyo.

"Umechelewa. Bwana Daktari anakusubiri."

Ukumbi ulikuwa mpya. Rangi ya nguzo ilikuwa haijakauka vizuri, ilinuka. Marobota ya katani, pembe za ndovu, asali kwenye mitungi, ngozi zilizowambwa, pamba, vipande vya magogo vilivyopigwa vanishi upande mmoja, kila kitu na kikaratasi chake. Wageni wa kizungu walipita polepole wakiwa wameshika kofia. Juu ya roshani wake zao walikaa wakijipepea. Na upande mmoja wa ukumbi, si mbali na mlango, ndani ya kamba, palikuwa na jukwaa la mbao, na kikaratasi kilichosema: *Kielelezo namba 63. Mfinyanzi akiwa kazini.*

Daktari alikuwa bwana mwenye miwani, mpole wa sauti. Alisema maneno mawili matatu kwa lugha yake. Karani akaniambia:

"Kisimamishe. Anataka kimo."

Nilitafuta kitu cha kusimamisha. Sikuona kitu. Niliona mwanamke amepiga magoti, mikono yake imejaa udongo mpaka viwikoni, na amewapa wageni mgongo.

Nalisema sasa, nisije nikalizungushia maneno: nilimpima. Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenitishia. Amri ilitolewa kwa sauti ninayoijua, sauti ya ofisini, sauti isiyotegemea kukataliwa, na mwili wangu ulikwisha kuitika kabla sijafikiri. Nilipita chini ya kamba nikapanda jukwaani. Nilimwomba asimame, akasimama. Nikamwambia aweke visigino kwenye nguzo, akaweka. Nilipogusa utosi wake kwa kiganja ili nisawazishe futikamba, alisema:

"Dada, una mikono ya baridi."

"Samahani."

"Si kitu. Yule wa mwanzo alinipima mzunguko wa kichwa kwa chuma. Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa jijini."

"Jiji lipi?" Alitazama huku na huku. "Hapa pana stesheni na duka la Mhindi." Kisha akashusha sauti. "Mimi naitwa Kabula. Waliniambia wiki sita. Huu ni mwezi wa nne. Nimemwacha binti yangu anaanza kusimama kwa kushika ukuta. Sasa hivi lazima anakimbia."

"Kwa nini hawakurudishi?"

"Watu wanaendelea kuja." Alinionyesha chungu kibichi pale chini. "Udongo wa kwetu walioniletea ni vikapu viwili tu. Nafinyanga chungu hiki asubuhi, jioni nakivunja, nakilowesha, kesho nakifinyanga tena. Leo wanatazama chungu cha jana, hawajui. Wewe unatoka kwa mlango gani?"

"Ule, wa nyuma yangu."

"Uko wazi?"

Niligeuka. Ulikuwa wazi. Niliiona ngazi, na nje yake mchana wa kwetu, pikipiki imeegeshwa, mtu anauza maji ya chupa. Hatua kumi na tano hivi. Ningeweza kumshika mkono tukatembea, na labda tungefika, na labda mlango ungetukataa wote wawili. Sijui, kwa sababu sikujaribu. Mkono wangu mmoja ulikuwa na futikamba, wa pili ulikuwa na penseli, na karani alikuwa ananyoosha daftari kubwa jeusi akisema, "Andika, andika, wageni wanangoja."

Niliandika. Nilipoinua kichwa, Kabula alikuwa amepiga magoti tena na kunipa mgongo kama alivyowapa wengine. Alikuwa amenijumlisha nao.

Nikatoka.

Mama Nyamizi aliporudi alinikuta nimekaa ngazi za kusini. Aliniletea chai ya rangi na kipande cha muhogo wa kuchoma. Sikula. Nilikuwa najiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza kwa miaka kumi na miwili ya kazi: kipimo ni cha nani? Namba ninayoichukua kutoka kwenye ukuta, ukuta haukuwa nayo. Niliileta mimi nikaibandika. Kabula hakuwa na futi wala inchi mpaka nilipofika. Alikuwa na ukubwa wake, ule wa kutosha kuchukua maji, kubeba mtoto, kuingia nyumbani kwake. Mimi nikaukata vipande sawa, nikavihesabu, nikampa Daktari. Yeye angevipeleka kwao, avipange pamoja na vya wengine, atoe hitimisho. Na mimi ningesema nilifanya kazi yangu. Ni kweli. Ndiyo kazi yangu. Hapo ndipo ubaya ulipo, kwamba ni kweli.

Siku ya nne niliomba ufunguo wa stoo ya nyaraka, chumba kidogo chini ya ngazi za roshani, nikasema natafuta michoro. Sikuwa natafuta michoro. Daftari jeusi lilikuwa rafu ya chini, jalada limeliwa na mchwa pembeni. Nilifungua ukurasa wenye namba sitini na tatu. Mistari ya wengine ilikuwa na mwandiko mwembamba wa wino wa karani. Wangu ulikuwa wa penseli. *Kimo: futi 4, inchi 11.* Ile nne ilikuwa yangu. Nne yangu huwa haifungi juu, mwalimu wa darasa la pili alinichapa kwa ajili yake akashindwa kuibadilisha. Mbele ya namba, kwenye safu ya mwisho, karani alikuwa ameandika neno moja: *Kimehamishwa*, kisha jina la ukumbi mwingine wa maonyesho, ng'ambo. Nililisoma mara nyingi. Hakuandika "amehamishwa." Silabi moja tu imebadilishwa na mtu akatoka katika watu, akaingia kwenye makasha. Baada ya hapo hapakuwa na habari nyingine juu yake.

Nilikuwa na kifutio mfukoni. Nikakitoa. Nilifikiri: penseli hufutika, na nikifuta, basi angalau mwandiko wangu hautakuwa humu.

"Unafanya nini?"

Mama Nyamizi alisimama mlangoni na ufagio wake.

Ningeweza kusema natafuta michoro. Nilimwambia yote: kwamba niliingia kaskazini bila ruhusa yake, kwamba kulikuwa na mwanamke mfinyanzi, kwamba nilimpima mtu kama bidhaa nikamwacha pale na mlango uko wazi. Nilisema haraka haraka, macho yangu sakafuni. Nilitegemea aniambie nitoke.

"Alikuambia jina?" aliuliza.

"Kabula."

Ufagio ulianguka. Hakuuokota. Alikuja akapiga magoti mbele ya daftari, akaweka kidole kwenye mstari ule, polepole, kama anayeogopa kwamba maandishi yatamkimbia.

"Hapa palikuwa patupu," alisema. "Jina hawakuandika, kimo hawakuandika. Namba, *mfinyanzi*, na *kimehamishwa* tu. Nimefungua ukurasa huu miaka thelathini. Mlango ule mimi nikiufungua naona ukuta wa matofali. Nimegonga mpaka mikono imevimba." Akaniangalia. "Ngapi?"

"Nini, mama?"

"Kimo chake. Macho yangu hayasomi vizuri penseli. Ngapi?"

"Futi nne na inchi kumi na moja. Futi tano kasoro inchi moja."

Aliinua mkono kuomba futikamba. Nilimpa. Alivuta mpaka nilipomwonyesha, akasimama, akakanyaga ncha moja kwa dole gumba, ya pili akaipandisha mbele ya uso wake. Ilimfikia kwenye nyusi.

"Ananifika hapa tu?" Sauti yake ilibadilika. "Mama yangu alisema alikuwa mrefu. Alisema mama yake alikuwa anaingia nyumbani kwa kuinama, kichwa kinagusa makuti." Alicheka kidogo. "Alikuwa na mwaka mmoja tu, mama yangu. Kwake kila mtu alikuwa mrefu."

Akakaa chini, akalia, na mimi nikakaa karibu yake, sikujua kama nina haki ya kumshika.

Alipotulia alinieleza. Katika ukoo wao, mtu aliyepotea asirudi wala mwili wake usirudi, haachwi hivi hivi. Hukatwa mgomba, ukavikwa sanda, ukazikwa kwa jina lake, na watu wakapata ruhusa ya kunyamaza. Lakini mgomba lazima ukatwe kwa kimo cha marehemu. Ukizidi, umemzika mwingine. Ukipungua, umemzika nusu, na nusu iliyobaki itaendelea kuzurura. Kabula alichukuliwa hana picha, hana nguo iliyoachwa, na waliomjua wakafa wakibishana. Huyu alisema alikuwa mrefu, yule wa wastani. Mama yake Nyamizi alikufa bila kumzika mama yake. Kitandani alimwambia binti yake: tafuta kimo. Ndiyo sababu Nyamizi alikuja mjini kuomba kazi ya kufagia jumba.

"Kwa hiyo sikuja kufagia," alisema. "Nilikuja kusubiri mtu wa kupima. Na ulipofika nikaogopa, nikakukataza."

"Mama, nilimpima kwa ajili yao. Si kwa ajili yenu. Sikumjua."

"Najua."

"Ningeweza kumtoa."

"Pengine." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Hakusema kwamba si kosa langu, na nilimshukuru kimoyomoyo. "Kata karatasi, uniandikie hiyo namba kwa kalamu ya wino. Uweke na sahihi yako. Kwetu wazee hawakubali maneno ya mdomo."

Niliandika. Nikajitahidi kuifunga ile nne juu.

Siku ya tano nilimaliza taarifa. Jumba limesimama sawasawa; msingi hauna ufa; kenchi namba tisa ina kutu kwenye mguu wa mashariki; gata zote zipanuliwe. Historia ikanitoka kurasa tatu. Nilieleza makasha na reli, nikaeleza njaa, nikaeleza bendera, na katika ukurasa wa tatu nikaandika kwamba katika maonyesho ya kwanza walionyeshwa pia watu, kwamba mmoja wao aliitwa Kabula, mfinyanzi, mama wa mtoto mmoja, na kwamba alipelekwa ng'ambo na hakurudi. Bwana Lutego alisoma akiwa amesimama. Si mtu mbaya. Alivua miwani akaifuta.

"Hii ni taarifa ya jengo, Sikudhani. Mtu si sehemu ya jengo."

"Yeye aliandikwa kwenye orodha ya vifaa vya jengo, mheshimiwa. Namba sitini na tatu. Katikati ya asali na ngozi."

"Tunafungua jumba kwa shangwe. Wageni watakuja. Unataka waanze kulia mlangoni?"

"Nataka waambiwe lilijengwa kwa ajili ya nini. Uliniuliza wewe."

Alikaa. Nikaona kwamba anafikiri kweli. Kisha akatoa ukurasa wa tatu, taratibu bila kuukunja, akauweka kwenye droo yake.

"Sitauchana," alisema. "Lakini hauendi juu."

"Basi na jina langu lisiende."

Taarifa ilitiwa sahihi na mpima mwenzangu ambaye hakuwa amelikanyaga jumba. Mimi nilihamishiwa idara ya mitaro. Jumba lilipakwa rangi, likafunguliwa, wakasema maneno mazuri juu ya mazao na maendeleo, na nasikia watu walipenda sana roshani. Mama Nyamizi hakuwepo. Alikuwa amekabidhi funguo zake wiki iliyotangulia, akanipigia simu.

"Jumamosi tunazika," alisema. "Njoo."

Nilisafiri kwa treni, kisha kwa miguu. Kwao ni nchi tambarare yenye mawe makubwa. Nilikuta watu wasiopungua mia mbili, wengi hawakuwahi kumwona Kabula wala mtu aliyemwona, wamekaa kwenye mikeka kimya, kwa huzuni ya kawaida kabisa ya msiba wa juzi. Kaburi lilikwisha kuchimbwa, dogo. Mgomba ulikuwa umelazwa kwenye jamvi, umekatwa pande zote mbili, unatiririka maji, na kando yake karatasi yangu imekandamizwa kwa jiwe isipeperuke. Wanawake walipita mmoja mmoja kuutazama. Nilisikia mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Kumbe alikuwa mdogo hivi, jamani," na yule mwenzake akafunika uso.

Mkubwa wa ukoo alikuwa Bibi Mbuke, mtoto wa kaka yake Kabula, mzee wa miaka themanini na kitu, kiti chake kimewekwa kichwani pa jamvi. Yeye ndiye aliyepanga nani abebe wapi. Kila aliyesogea aliulizwa, na kila mmoja akajitaja: mjukuu, mkwe, kitukuu, jirani wa shamba la baba yake. Nyamizi alipewa kichwani. Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na mawe, nikitumaini kwamba sitaonekana. Bibi Mbuke alininyooshea fimbo.

"Na yule? Wewe, binti. Wewe ni nani kwa marehemu?"

Watu wakageuka. Nyamizi alinitazama lakini hakunisaidia. Ningeweza kusema rafiki wa Nyamizi. Ningeweza kusema mgeni kutoka jijini, na ningepewa kiti na maji.

"Mimi ndiye niliyempima," nilisema.

Upepo uliinua pembe ya karatasi, ukaiacha. Bibi Mbuke alinitazama, kuanzia utosini mpaka miguuni, bila haraka, na mimi nikasimama wima nikaacha nitazamwe.

"Basi njoo," alisema. "Shika upande wa miguu."

Nilikwenda nikainama nikaingiza mikono chini ya mgomba. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, wa baridi, umejaa maji. Nyamizi alihesabu moja, mbili, na tukainua pamoja.